Fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) anacheza tu na mwanangu, hivi hii ni tiba kweli au tunapoteza muda?

mama_njiti

Habari zenu wote humu. Naomba mnivumilie maana nitaandika ndefu, kichwa kimejaa na nyumbani hakuna wa kuniambia kitu kinachoeleweka.

Mwanangu alizaliwa njiti wiki ya 31, sasa ana mwaka mmoja na miezi 7. Alipofika kama miezi 6 nikaanza kuona kila kitu anachukua kwa mkono wa kushoto tu, wa kulia umekunja ngumi kidole gumba kipo ndani, nikajisemea labda atakuwa wa mashoto kama babu yake. Kumbe siyo. Daktari alisema ni mtindio wa ubongo wa upande mmoja, mkono na mguu wa kulia. Anakaa vizuri kabisa, hatambai ila anasota kwa makalio huku anajivuta na mkono wa kushoto (mbio huyo, usimuone hivi), na sasa anajishika kwenye kochi anasimama dede ila mguu wa kulia anakanyagia vidole.

Kliniki ya kwanza tuliyoanza walikuwa wanamchukua wanaingia nae ndani mimi nabaki nje ya mlango namsikia analia mpaka anatapika. Wanamnyoosha mguu, wanamnyoosha mkono, nusu saa, wanamrudisha kalowa jasho. Nikapewa na karatasi ya mazoezi ya nyumbani mara 3 kwa siku. Jamani nilijitahidi, lakini ilifika mahali mtoto akiniona natandika mkeka anaanza kulia kabla hata sijamgusa.

Tumehamia kwingine. Huyu fizio wa sasa siku ya kwanza karibu nusu ya muda alikuwa ananiuliza mimi. Siku yenu inaanzaje, nani anamuogesha, anapenda nini, anachukia nini, ni kitu gani kikibadilika mtapumua. Nikakaa kimya kwanza maana sikuwahi kuulizwa. Nikamwambia kumvisha shati, mkono wa kulia hauingii, kila asubuhi ni vita. Akaandika. Halafu akakaa chini sakafuni, akatoa kopo na vifuniko vya plastiki vile vikubwa akavipanga juu ya kochi, mtoto akajivuta akasimama, akaanza kutumbukiza, kimoja kimoja, vinalia ko ko ko yeye anacheka. Mpaka muda umeisha hajalia hata mara moja. Mimi nimefurahi sitaki kudanganya.

Sasa kufika nyumbani mama mkwe kauliza leo wamefanya nini, nikaeleza. Akaniangalia. "Yaani mmetoka asubuhi yote hiyo mmeenda kucheza na makopo?" Mume wangu hakusema kitu ila najua na yeye anawaza hivyohivyo. Na mimi usiku nimekaa nawaza, je kama wana ukweli?

Maswali yangu: mchezo ni tiba kweli au anatupotezea muda ambao mtoto angekuwa ananyooshwa? Yale mazoezi ya karatasi niendelee nayo hata akilia? Na ninyi mnapata wapi muda, maana nina mwingine wa miaka 5, nafanya kazi, na kwa kweli jioni nakuwa nimekwisha.

---

baba_mgumu

Pole sana mama. Mimi wangu alinyooshwa akalia mwaka mzima na leo anatembea. Kilio hakiui mtoto. Kama angekuwa anacheza tu angejifunzia nyumbani bure, tusingehitaji wataalamu. Rudi kule kwa mwanzo, ni ushauri wangu tu.

---

jirani_mwema

Mtafutie kile kigari cha kutembelea chenye magurudumu unamtumbukiza ndani anajisukuma mwenyewe, miguu itakaza haraka sana. Wa dada yangu alitembea hivyo.

---

fizio_wa_watoto

Mimi ni fizio, nafanya kazi na watoto tu. Nianze na kusema mwanao sijamuona kwahiyo sitasema habari za mwili wake, anayemshika ndo anajua. Ila hilo swali la makopo naweza kulijibu na naomba mama mkwe nae asomewe.

Kuna utafiti wa Karen Adolph, mtafiti wa makuzi ya watoto wa Marekani, na wenzake, ulitoka 2012, waliwarekodi watoto wa kati ya miezi 12 na 19 wakicheza tu wenyewe bila kuelekezwa. Kwa saa moja mtoto alipiga kwa wastani hatua 2,368 na akaanguka mara 17. Saa moja! Sasa nitajie mtu mzima anayeweza kukaa amweke mtoto mguu mbele mguu nyuma mara 2,368. Hakuna. Na hata akiweza, anayefanya kazi ni huyo mtu mzima, ubongo wa mtoto upo tu unasindikizwa. Ubongo unajifunza mwendo pale mtoto mwenyewe anapotaka kitu, anajaribu, anakosea, anarekebisha, anajaribu tena. Hicho "anapotaka" ndo kigumu kukipata, na kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu njia ya kukipata ni moja, mchezo. Huwezi kumwambia fanya mara 20 nitakuandikia ripoti nzuri.

Sasa rudi kwenye makopo. Ulichoona ni kucheza, mimi nikisoma maelezo yako naona hivi. Kaviweka juu ya kochi siyo sakafuni, maana anataka mtoto asimame. Naomba mkirudi uangalie kopo anaweka upande gani. Akiweka kulia kidogo, mtoto ili afike lazima ahamishe uzito wake kwenye mguu wa kulia, ule unaokanyagia vidole, na uzito ukishakaa pale kisigino kinavutwa chini bila mtu kukishika. Akilisogeza mbali zaidi mtoto atapiga hatua ya pembeni. Na vifuniko vikubwa maana mkono mmoja vinausumbua, mkono wa pili unaitwa kusaidia hata kama ni kwa kuegemea tu. Yote hayo yamo ndani ya ile ko ko ko. Fizio mzuri akifanya kazi vizuri mtu wa pembeni haoni kazi.

Kuhusu kunyooshwa. Sisemi kunyoosha ni haramu, kuna splinti (kifaa cha kushikilia mkono au mguu ukae sawa), kuna viatu maalum, kuna watoto misuli inakaza mpaka kuna hatua za daktari, na kila kimoja kina mahali pake. Lakini kumlaza mtoto na kumvuta kwa mikono dakika kadhaa huku analia, ushahidi kwamba hiyo inampa uwezo mpya wa kufanya kitu ni hafifu. Nasema hivi na mimi nilifundishwa hivyohivyo na nimefanya miaka, kwahiyo simcheki mtu.

Kilio nacho nieleze. Mtoto kulia kidogo kwa sababu kachoka au kakasirika kitu kimemshinda, kawaida, hata wewe ungelia. Mtoto anayelia akiona mkeka tu, huyo amejifunza kitu, ila amejifunza kwamba mkeka na mama pamoja ni maumivu. Hilo tunatakiwa tulifute kwanza kabla ya mazoezi yoyote. Na kama analia unapomgusa kiungo fulani hasa nyonga, mwambie daktari mapema, usisubiri miadi.

Baba_mgumu nakuheshimu na nafurahi mwanao anatembea. Ila swali ambalo hatuwezi kulijibu wewe na mimi ni kama alitembea kwa sababu ya kunyooshwa au alitembea licha ya kunyooshwa. Watoto wengi wenye tatizo la upande mmoja hutembea, na saa nyingine sisi wataalamu tunajisifia kazi iliyofanywa na mtoto mwenyewe jioni akiwa anafukuzia mpira chini ya meza.

Kitu kingine mama, umri. Alizaliwa wiki ya 31, wiki 9 kabla ya wakati, kwahiyo ukitaka kumlinganisha na wenzake toa miezi 2. Usimhesabie miezi 19, mhesabie 17. Tunafanya hivyo mpaka afike kama miaka 2. Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo 2006 baada ya kufuatilia watoto wazima wa nchi 5, na kutembea mwenyewe dirisha lake lilikuwa toka miezi 8 na ushee mpaka 17 na nusu hivi. Wazima hao. Na asilimia 4 na kidogo hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, kwahiyo kusota kwake kwa makalio kusikunyime usingizi.

---

kulia_na_kushoto

Mama_njiti nimesoma nikahisi umeandika maisha yangu. Wangu ana miaka 6 sasa, upande wa kulia vilevile.

Ile karatasi mimi niliibandika ukutani jikoni. Nikawa nawekea tiki. Siku ambayo haina tiki nalala nimejichukia. Mume akimbeba mtoto amchezeshe namwambia subiri kwanza bado hajafanya ya mchana. Ikafika siku binti yangu mkubwa ananiuliza, mama leo unacheza na sisi au unafanya mazoezi? Nilienda bafuni nikakaa. Nilikuwa nimejigeuza fizio wa pili nyumbani na yule mtoto hana mama.

Tulipompata mama wa tibakazi (kwingine wanaita tiba kwa vitendo, ni wale wa mikono na shughuli za kila siku) alikuja nyumbani mara moja akakaa tu kwenye kiti akaangalia tunavyoishi. Akaiona karatasi. Hakusema vibaya, akauliza tu, katika hivi vyote ni kipi ambacho ungekifanya hata kama isingekuwa mazoezi? Nikasema hakuna. Akaing'oa.

Badala yake tukachukua vitu tunavyofanya kila siku hata tusipotaka. Shati. Nikueleze ya shati maana umeitaja. Nilikuwa namvisha nikiwa nimesimama mbele yake, naanza mkono mzima kwa sababu ndo rahisi, halafu wa kulia nauvuta, yeye anaukaza, mimi navuta zaidi, vita. Yule mama wa tibakazi akaniambia kaa nyuma yake, mtoto akae katikati ya miguu yako mgongo umekuegemea, anza mkono wenye shida ndo uingie kwanza, na wakati wa kuvua huo ndo uwe wa mwisho kutoka. Usivute vidole, ukivuta vidole ngumi inakaza zaidi. Wewe kunja mkono wa shati wote uwe kama bangili, ingiza mkono wako mwenyewe kupitia pale, mshike kwenye kiganja, halafu subiri. Hiyo subiri ndo dawa yenyewe. Wiki ya kwanza nilisubiri mpaka nikahesabu 15 kichwani. Halafu unahisi mkono unalegea kidogo na yeye ANASUKUMA. Anasukuma mwenyewe. Tukaugeuza mchezo, mkono umepotea uko wapi, uko wapi, huuuuu umetoka. Kila siku mara mbili, asubuhi na jioni, bila kutandika mkeka wala nini.

Kuhusu muda, ndo hivyo, muda haupo wala hautapatikana. Tumia ule ambao tayari unautumia. Kuoga, kuvaa, kula, kubebwa. Hata kumbeba, mimi nilikuwa nambeba mkono wa kulia umebanwa kwenye kifua changu, akaniambia hamisha upande, ule mkono uwe nje uone dunia.

Na huyo wako wa miaka 5 ni hazina usimfukuze. Binti yangu alimfanya mdogo wake afanye vitu ambavyo hakuna mtaalamu aliviweza, kwa sababu yeye alikuwa hamuonei huruma. Anamtupia mpira mkubwa na kumwambia shika na mikono miwili au sichezi na wewe. Na akashika.

Kwa mama mkwe nilifanya kitu kimoja tu, nilijidai naumwa nikamwambia naomba leo umpeleke wewe. Alirudi anamtetea fizio kuliko mimi.

---

tibakazi_mtaani

Nimefika nimekuta mmemaliza karibu yote. Mimi ni wa tibakazi, niongeze machache, mengine ni ya kupinga kidogo.

Kwanza jirani_mwema, samahani, ila kigari cha magurudumu hapana. Hakimfundishi mtoto kutembea, kinambeba tu huku anasukuma kwa vidole, na huyu mtoto vidole ndo shida yake tayari. Na vinaleta ajali, mtoto anafika ngazini au kwenye moto kabla hujageuka. Canada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004. Kama mnataka cha kusukuma tafuteni kitu kizito kisichokimbia, kiti kilichopinduliwa, boksi lililojazwa nguo.

Pili, mama mkwe wako ana pointi na nadhani mwenzangu wa fizio kamuonea kidogo. Mchezo bila lengo ni mchezo tu. Wapo wenzetu wanaomwaga midoli chini wanashika simu, na kliniki ikiulizwa wanasema tunafuata mtoto anachotaka. Kwahiyo wewe una haki ya kuuliza, kila mara, leo tunatafuta nini? Akuambie kwa maneno ya nyumbani. Mfano, "tunataka ndani ya wiki 8 aingize mkono wa kulia kwenye shati ukiwa umemshikia tu." Lengo la hivyo wewe mwenyewe utajua limetimia au halijatimia, huhitaji kipimo. Akikujibu "tunaimarisha misuli" au "tunachangamsha ubongo" muulize tena, ili afanye nini? Akikasirika hapo umepata jibu lako.

Tatu, kazi ya nyumbani. Mtafiti Iona Novak na wenzake Australia walifanya utafiti uliotoka 2009, watoto 36 wenye mtindio wa ubongo walio shuleni, wengine wakapewa programu ya nyumbani ya tibakazi iliyotengenezwa kwa kushirikiana na familia kutokana na malengo ya familia yenyewe, wengine hawakupewa. Wiki 8 waliopewa walikuwa wamepiga hatua ya wazi. Sasa unajua wazazi walifanya kiasi gani? Kama mara 17 na nusu kwa mwezi, dakika 16 na nusu kila mara. Siyo mara 3 kwa siku. Siyo kila siku hata. Hiyo namba mimi nawaambia wazazi siku ya kwanza kabisa kwa sababu naona mabega yanavyoshuka. Usiku ambao umekwisha, lala.

Nne, mkono wa kulia. Kuna njia ambayo mkono usio na shida unavalishwa glavu au soksi kwa muda ili ule mwingine ulazimike kufanya kazi, na kuna ya kutumia vitu vinavyohitaji mikono miwili. Zote mbili zina ushahidi mzuri. Ila hiyo ya soksi usijaribu peke yako kwa kusoma hapa, mtoto akifungwa mkono anaouamini bila mpango mzuri unarudi kulekule kwenye mkeka na kilio, na usalama pia, huo ndo mkono anaojikingia akianguka. Muulize mtaalamu wako. Ya mikono miwili anza leo. Mpe mpira mkubwa kuliko kiganja, chupa ya plastiki yenye kifuniko kilicholegezwa, boksi la kufungua, karatasi ya kuchana (kuchana karatasi wanapenda hawa, sakafu itachafuka, acha ichafuke), soksi ya kuvuta. Mpe katikati ya kifua chake, usimpe upande wa kushoto. Na usimwambie "tumia mkono wa kulia" kila dakika. Ataanza kuuficha. Badilisha kitu, mtoto muache. Kama kitu kinawezekana kwa mkono mmoja atatumia mmoja, hata mimi ningetumia mmoja.

Vifuniko viwe vikubwa asivyoweza kumeza, na midoli yenye betri zile bapa kama kifungo angalia mfuniko wake umefungwa kwa skrubu, zile betri zikimezwa zinaunguza koo ndani ya masaa machache.

---

baba_mgumu

Sawa nimesoma. Sibishi sana. Ila niulize kitu tofauti, mtoto wangu huyo aliyenyooshwa sasa ana miaka 4 na nusu, anatembea kweli, anachechemea kidogo. Tatizo shuleni wenzake wakicheza yeye anasimama ukutani. Mwalimu anasema ni mpole. Nyumbani siyo mpole huyo, nyumbani ni shida. Hii nayo ni ya fizio au nimuache akue?

---

fizio_wa_watoto

Hilo ni la kwetu kabisa na nafurahi umeuliza. Wenzetu wawili wa Canada, Peter Rosenbaum na Jan Willem Gorter, waliandika 2012 kwamba tuache kuhangaika na kumnyoosha mtoto afanane na wengine tuangalie mambo 6: uwezo wa kufanya vitu, familia, afya ya mwili, furaha, marafiki, na kesho yake. Marafiki wamo. Kutembea kulikuwa ni kwa ajili ya kufika mahali, na mahali penyewe kwa miaka 4 ni pale wenzake walipo.

Fanya hivi kabla ya kwenda kokote. Nenda shuleni siku moja saa ya mapumziko, simama mbali, angalia ni mchezo gani hasa wanacheza. Usiulize mwalimu, angalia mwenyewe. Kama ni kukimbizana basi yeye anajua atashikwa wa kwanza kila mara, na nani anataka hivyo. Kama ni kurusha mpira au kupanda ngazi ya bembea, kuna kipande kimoja kinamshinda na hicho kipande ndo kinaweza kuwa lengo. Halafu muulize yeye. Miaka 4 na nusu anajibu vizuri tu.

---

baba_mgumu

Sikuwahi kumuuliza. Nitaenda Alhamisi.

---

kulia_na_kushoto

Baba usiende na tai tu, watakuficha ukweli wote 😂

---

mama_njiti

Jamani nimerudi, ni wiki ya tatu sasa, samahani kwa kimya, mkubwa alikuwa na homa.

Kwanza asanteni. Fizio nilimuuliza lile swali, leo tunatafuta nini. Hakukasirika. Akacheka akasema nilikuwa nasubiri uniulize, akanionyesha karatasi yake, ameandika "mkono wa kulia kwenye shati, mama hatokwi jasho." Ndo lengo lenyewe limeandikwa hivyo. Na kopo ni kweli anaweka kulia, niliangalia, kila mara linahama kidogo kidogo na mimi siku zote nilidhani linasogea lenyewe.

Ile karatasi ya mwanzo nimeitoa. Mkeka nimeutandika siku 4 bila kufanya chochote, nakaa tu juu yake nakunja nguo na mkubwa anachora. Siku ya tano akaja mwenyewe akisota akanilalia mguuni. Nililia kidogo ila siyo mbele yake.

Shati bado. Nakaa nyuma kama mlivyosema, nakunja, nasubiri. Jumanne nimehesabu mpaka 22 nikawa nataka kukata tamaa, nikasikia kiwiko kinanyooka. Kakwama njiani, vidole vikabaki ndani ya mkono wa shati, ila alisukuma yeye. Jana hakusukuma kabisa. Leo kasukuma.

Mama mkwe sijamdanganya naumwa, niliona aibu, nilimwomba tu twende wote. Alikaa kwenye kiti amekunja mikono. Fizio akamuuliza, bibi wewe mkiwa wawili mnafanyaga nini, akasema hatufanyi kitu namkalisha tu ananivulia miwani. Akaulizwa, kwa mkono gani? Akanyamaza. Sasa siku hizi namuona akiwa nae anageuza uso upande, kwa makusudi kabisa, miwani iwe upande wa kulia wa mtoto. Hajaniambia kitu na mimi sijamuuliza.

Swali jipya ila dogo. Soksi. Ameanza kuvua soksi, nikimvisha anavua, tukiwa njiani anavua, tumeshapoteza 3 na hata ile splinti ya mguu haikai vizuri bila soksi. Nimzuieje?

---

tibakazi_mtaani

Kabla sijajibu, anavua kwa mkono mmoja au miwili?

---

mama_njiti

Subiri nimuangalie.

...Ya kushoto kavua kwa mmoja. Ya kulia imekaza, kashika na miwili.